Mahali Penye Maji Mengi

Walikutana kwenye viti viwili ambavyo hakuna mtu angevichagua. Kimoja kilikuwa karibu na dirisha, kingine karibu na mlango, na kati yake palikuwa na mashine mbili za kusafisha damu ambazo hazikunyamaza hata dakika moja. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwanamke aliketi kwenye kile cha dirishani na mwanamume kwenye kile cha mlangoni, mkono mmoja wa kila mtu umelazwa juu ya mto mdogo na sindano mbili ndani yake, mpaka saa nne nzima zipite.

Kwenye wodi ile wagonjwa waliitwa kwa kazi zao. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianza lini, lakini wote waliipenda, maana iliwakumbusha kwamba nje ya mlango ule kila mmoja alikuwa na jambo analoliweza. Mwanamke alikuwa mpokea wageni katika hoteli ya vyumba kumi na vinane, kwa hiyo wakamwita Mapokezi. Mwanamume alikuwa akitengeneza lifti za maghorofa ya mjini. Huyo aliitwa Fundi.

Wiki ya kwanza Mapokezi alilia akiwa amegeukia dirishani. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na daktari alikuwa amemweleza kwa upole kwamba shinikizo la damu lililokaa mwilini mwake bila kujulikana lilikuwa limezimaliza figo zake zote mbili. Wagonjwa wengine walimpa pole. Fundi, aliyekuwa amekwishakaa kwenye kiti chake miaka miwili, hakumpa pole. Alimwacha alie mpaka akatafuta kitambaa, ndipo akamuuliza:

"Dada, ukiamka kesho huna ugonjwa huu, utakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani unakwenda leo jioni. Mimi nakuuliza kusafiri."

Mapokezi alidhani anafanyiwa mzaha. Akageuka amtazame vizuri mtu huyu asiye na haya. Akakuta uso mwembamba na macho yaliyokuwa yakimngoja ajibu, kama vile swali lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa.

"Wewe je?" akamrudishia.

"Lisbon."

"Kuna nini huko?"

"Lifti."

Alicheka bila kutaka, mpaka mashine yake ikapiga kelele na muuguzi akaja kumwambia asitikise mkono.

"Usicheke," Fundi akasema. "Ni lifti ya chuma, imesimama peke yake mtaani kama mnara. Ina zaidi ya miaka mia moja na bado inapandisha watu. Hizi zetu za juzi zinakwama kila wiki. Nataka nikasimame chini yake nimuulize fundi wao anatumia mafuta gani."

"Hujawahi kusafiri?"

"Nimesafiri sana. Lakini juu na chini tu."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Mapokezi naye hakuwa amefika popote, ila kwa miaka tisa dunia ilikuwa ikimjia mezani kwake na mabegi yake. Aliijua miji mingi kwa kusimuliwa. Alijua kuhusu feri za Istanbul, ambazo mtu hupanda akiwa bara moja, akaagiza chai, na kabla hajaimaliza amefika bara jingine. Alijua kuhusu Aislandi, ambako wakati wa kiangazi wageni hufunika madirisha kwa blanketi ili wapate usingizi, kwa kuwa jua halitaki kuondoka. Lakini siku Fundi alipombana ataje mahali pamoja tu pa kwake, aligeukia dirisha kwanza.

"Iguazu," akasema. "Ni maporomoko, mpakani mwa Brazili na Ajentina. Mama mmoja alilala hotelini kwetu akanionyesha picha. Si poromoko moja, ni mengi, yamejipanga mpaka macho yanachoka. Kuna daraja la kutembelea kwa miguu. Ukifika mwisho wake unalowa kuanzia kichwani. Anasema watu wanasimama pale vinywa wazi."

Fundi alijua, kama wote wa wodi ile walivyojua, kwamba mwanamke huyu aliruhusiwa vikombe viwili na nusu vya maji kwa siku, pamoja na yale ya kumezea dawa, kwa kuwa figo zilizokufa haziyatoi mwilini. Siku za joto alinyonya kipande cha barafu na kukizungusha mdomoni mpaka kiishe. Mtu kama huyo, akiambiwa achague popote duniani, alikuwa amechagua maji.

"Nitakubebea taulo," hatimaye akasema.

Baada ya hapo wakawa wanasafiri kila wiki. Mmoja alipanga njia, mwingine alipinga. Waligombana kuhusu mizigo. Fundi alitaka kubeba spana zake.

"Hawatakuruhusu kupanda ndege na spana," Mapokezi alimwambia.

"Basi siendi."

"Lisbon hiyo hiyo uliyoililia?"

"Nitakwendaje kwa wenzangu mikono mitupu?"

Wauguzi walizoea kuwasikia. Muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye hatua nyepesi ambaye wote walimwita Sista, alikuwa akipita na kuuliza leo tuko nchi gani, kisha anaandika vipimo vyao na kuendelea.

Jumatano moja shinikizo la damu la Mapokezi lilishuka ghafla. Alisikia masikio yanaziba, akaona dirisha linakuwa jeupe, kisha hakuona tena. Alipozinduka Sista alikuwa amemwinua miguu na kufungua dripu. Akageuza shingo. Fundi alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa kiti chake, mipira ya mashine yake imenyooka karibu kukatika, na kwa ule mkono mzima alikuwa ameshika upindo wa blanketi la Mapokezi. Mkono haukuweza kufika mbali zaidi ya hapo. Alikuwa ameushika upindo huo kwa nguvu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nipo," Mapokezi alinong'ona.

"Usinifanyie hivyo tena," akasema Fundi, naye hakuliachia blanketi mpaka mashine yake ikamaliza.

Wiki hiyohiyo, wakiwa wanangoja kupimwa uzito, alimwambia, "Mapokezi, mimi sitaki tena kwenda Lisbon peke yangu."

"Lifti yao haimpandishi mtu mmoja?"

"Inampandisha. Lakini nikifika juu nitamwonyesha nani?"

Mapokezi alipanda kwenye mzani, na Sista alipomsomea kilo zake hakuzisikia, ikabidi zirudiwe.

Kisha ikaja habari ya figo. Fundi alikuwa na dada mkubwa, mwenye duka la kuoka mikate, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Dada huyo alipimwa, akapimwa tena, na majibu yakasema damu zao zinapatana. Tarehe ikapangwa. Wodi nzima ilipiga makofi. Mapokezi alipiga kuliko wote, na alipofika nyumbani alikaa jikoni kwa mama yake akamenya vitunguu ambavyo havikuhitajika, ili apate sababu ya machozi.

Siku tatu kabla ya upasuaji, mwanamke mmoja mrefu aliingia hotelini mchana. Hakuwa na begi. Unga mkavu ulikuwa umebaki kwenye kifundo cha mkono wake.

"Karibu, dada. Nikutafutie chumba?"

"Sihitaji chumba. Mimi ni dada yake Fundi."

Mapokezi alitoka nyuma ya meza akamsalimia kwa mikono miwili. "Nimefurahi kukuona. Nilikuwa natafuta namna ya kukushukuru."

"Usinishukuru. Keti."

Wakaketi kwenye makochi ya wageni, kati yao meza yenye magazeti ya jana.

"Mdogo wangu anaongea kuhusu wewe kutwa," alianza yule dada. "Jana nimemuuliza, ukishapona utafanya nini? Unajua amenijibu nini? Kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa atakuwa anakuja kukaa na wewe wodini. Nikamwambia, kwa hiyo mimi napasuliwa tumbo ili wewe urudi palepale ulipokuwa?"

Mapokezi aliyanyoosha magazeti ya jana juu ya meza.

"Sina chuki na wewe. Naona ni mtu mzuri. Ungekuwa mzima ningekuwa wa kwanza kukupokea. Lakini nimemlea yule tangu ana miaka tisa. Miaka hii yote nimemwona anakauka. Nataka sasa aishi. Aoe mtu atakayemzalia, asafiri hizo safari zake. Akiwa na wewe ataishi kwa ratiba ya mashine mpaka mwisho. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Nikimwambia mimi, atakataa hata hiyo figo. Mwambie wewe. Si sasa, akishatoka salama."

Simu ya mezani ililia. Mapokezi aliinuka, akampa mtu bei ya chumba chenye vitanda viwili, akamtakia siku njema, akarudi kuketi.

"Mimi nampenda, dada," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Upasuaji ulikwenda vizuri kwa wote wawili. Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, Fundi alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa imenenepa, kama mtu mwingine.

"Leo nimekunywa lita mbili za maji," akasema. "Daktari anasema bado ni kidogo, niongeze." Kisha akagutuka. "Samahani. Sikufikiri."

"Usiombe samahani. Yana ladha gani?"

"Ya maji tu."

"Niambie vizuri."

"Ya baridi. Yanashuka mpaka unayasikia kifuani. Unakunywa, halafu ukitaka unakunywa tena, na hakuna anayekuangalia."

Mapokezi alifumba macho akayasikiliza yale maji. Alipoyafumbua alikuwa ameamua. Akatumia sauti yake ya kazini, ile ya kumwarifu mgeni kwamba vyumba vimejaa.

"Fundi, ukitoka huko usije wodini."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa majirani wa viti. Watu wakikaa pamoja safarini wanazungumza, wakishuka kila mtu anashika njia yake. Wewe umefika. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi niache."

"Nani amekuambia useme haya?"

"Hakuna. Nilikuwa nimechoka, na wewe ulikuwa karibu. Ni hilo tu."

Alimsikia akipumua. Mwishoni Fundi alisema, "Sawa, Mapokezi," kwa upole uleule wa siku zote, na upole huo ndio uliomuumiza kuliko kama angemtukana.

Mapokezi akabadilisha namba ya simu. Miezi mitano ikapita hivyo. Kiti cha karibu na mlango kilipewa bibi mmoja, mkunga mstaafu, aliyelala mara tu sindano zilipoingia na kuamka zilipotoka. Hakuna aliyeuliza tena leo tuko nchi gani.

Ijumaa moja, saa tisa hivi, mlango ulifunguliwa na mtu akaingia amevaa barakoa. Alikuwa na mwili, shati limemjaa mabegani. Mapokezi alimtazama kama anavyotazama mtu yeyote anayeingia, kwa mazoea ya kazi, kisha akaona miguu yake. Fundi alikuwa akitembea hivyo, anakanyaga sakafu kama anayeijaribu kwanza.

Sista naye alimwona. Wageni hawakuruhusiwa saa ile. Alimtazama Fundi, akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Kuna kiti cha plastiki pale kona. Barakoa usiitoe," akaenda zake kuhesabu dawa ambazo alikuwa ameshazihesabu.

Fundi aliketi. Kwa muda walitazamana tu. Macho yalikuwa yaleyale, juu ya kitambaa cha bluu.

"Umenenepa," Mapokezi alisema.

"Wewe umekonda."

"Nilikuambia usije."

"Uliniambia. Nikatii miezi mitano. Sasa nimesikia ni nani aliyekutuma."

Mapokezi akageukia dirisha. "Kakuambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Yuko nje kwenye benchi. Nitamwita, lakini kwanza nisikilize mimi." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti. "Nilipotoka hospitali nilianza kuandika barua. Ulikuwa umeshanikataa, lakini niliandika tu, sikuweza kukaa bure. Niliandika kwa hospitali kumi na moja. Kuwauliza kama mgonjwa wa figo akija kutembea mji wao wanaweza kumsafisha damu kwa siku chache, kisha arudi kwao. Saba hawakujibu. Tatu wamesema hawana nafasi. Hii moja imesema ndiyo."

"Ya wapi?"

"Mji wenyewe uko karibu na maporomoko yako. Wanasema ni mwendo mfupi kwa gari."

Mapokezi alinyoosha mkono mzima akaichukua. Maneno yalicheza mbele ya macho yake. Aliona jina la mji. Aliona siku tatu za wiki zimeandikwa, zilezile.

"Unaondoka hapa Ijumaa ukishasafishwa," Fundi aliendelea, polepole, kama anayemweleza mtu namna ya kupita jengo lenye giza. "Jumapili tumefika. Jumatatu unaketi kwenye kiti chao. Jumanne tunakwenda darajani. Jumatano unaketi tena."

"Kiti chenyewe kiko dirishani?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza jambo la maana," akasema. Alijifuta macho kwa ukingo wa blanketi. "Fundi, nani atalipia nauli?"

"Si mwaka huu. Daktari wangu anataka nimalize mwaka mzima kwanza, na nauli bado nakusanya. Nimerudi kazini. Labda mwakani, labda mwaka wa pili. Sikuja kukuambia fungasha. Nimekuja ujue kwamba inawezekana."

"Na figo yako ikichoka?"

"Inaweza kuchoka."

"Na mimi huenda nisipate kabisa."

"Huenda."

"Basi utakaa unaniangalia nimefungwa hapa, wewe mzima, mpaka lini?"

"Nimekaa kwenye kiti kama hicho karibu miaka minne," Fundi alisema. "Najua kinapouma mgongo. Najua saa ya tatu mtu anavyotaka kuchomoa sindano akimbie. Hakuna kitu humu unachoweza kunificha, Mapokezi. Mwanamke mwingine ataniambia amechoka, nitalazimika kubahatisha. Wewe nikikutazama tu najua."

Bibi wa kiti cha mlangoni, bila kufumbua macho, akasema, "Mjibu basi, mtoto wa watu. Tunangoja."

Hata Sista alicheka akiwa mbali.

Ndipo dada yake Fundi alipoingia. Hakuitwa, benchi lilikuwa limemshinda. Alisimama miguuni pa kiti, amekumbatia mkoba wake, na ule urefu wake ulionekana kumsumbua asijue pa kuuweka.

"Shikamoo dada," Mapokezi alisema.

"Usinisalimie kwanza. Barua hiyo ilikuja dukani kwangu. Nikaifungua, nikaiweka chini ya gunia la unga kwa siku tisa." Akameza mate. "Amepona mwili. Lakini anaishi kwangu kama mmoja wa wageni wako. Anakunja shuka, anasema asante dada, anakwenda kazini, anarudi, anasema asante dada. Sikutolewa figo ili nipate mpangaji."

"Dada," Fundi akaanza.

"Nyamaza, nazungumza na mwenzako." Akamgeukia tena Mapokezi. "Nilidhani nikimpa figo, basi maisha yake yote nimeyanunua mimi, niyapange nipendavyo. Kumbe nimetoa figo moja tu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mapokezi hakuwa na haraka. Alikuwa mwanamke mpole, lakini miezi mitano si siku mbili.

"Umenikosesha usingizi," alisema. "Nilikuwa nabadili njia nisipite dukani kwako. Harufu ya mkate tu ilikuwa inanitoa machozi."

"Najua."

"Na uliyosema siku ile yalikuwa kweli. Mtoto huenda nisimzalie. Hilo halijabadilika."

"Halijabadilika. Nimemwambia na yeye."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama mimi nilimlea kwa sababu nilimzaa."

Mapokezi alimtazama Fundi, naye Fundi akawa anaangalia sakafu.

"Mimi sitaki kuonewa huruma, dada," Mapokezi akasema. "Wala na yeye, wala na wewe."

"Sikuonei huruma. Nakuonea wivu, ukitaka ukweli. Nimemlea miaka ishirini na tisa, na hajawahi kuniandikia barua hata moja. Kwa ajili yako ameandika kumi na moja."

Mapokezi akacheka, dada naye akacheka huku akitafuta leso ndani ya mkoba, na Sista akaja kuwauliza kama pale ni wodi au ukumbi wa arusi.

Mashine ikalia. Saa nne zilikuwa zimetimia. Sista akavaa glovu, akafungua plasta, akachomoa sindano ya kwanza na kuweka kipande cha pamba, kisha ya pili. Kwa kawaida Mapokezi alijibana mwenyewe kwa mkono wa kulia mpaka damu ikate, dakika kumi za kukaa kimya akitazama ukuta.

"Sista," Fundi alisema, "naomba nimshikie mimi."

"Kanawe mikono. Na glovu ziko pale. Ukilegeza mtachafua sakafu yangu."

Alinawa mpaka kwenye viwiko, kama daktari. Akarudi, akaketi, akaweka vidole viwili juu ya pamba ya kwanza na viwili juu ya ile ya pili, akabana. Alijua kipimo, si sana, si kidogo. Chini ya vidole vyake damu ya Mapokezi ilikuwa ikinguruma, ule mngurumo wa mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, ambao wagonjwa wa figo peke yao wanaujua. Hawakuwa wamewahi kushikana. Miaka miwili ya Istanbul na Lisbon, na hawakuwa wamewahi hata kupeana mikono, kwa kuwa karibu kila mara mmoja wao alikuwa amefungwa.

"Mkono wako una joto," Mapokezi alisema kwa sauti ya chini.

"Ni maji hayo, nakunywa sana."

"Unaringa."

"Kidogo."

Alimtazama yule mwanamume aliyeinamia mkono wake kana kwamba ni kitu alichokabidhiwa. Kope zake zilikuwa ndefu. Karibu na sikio palikuwa na kovu dogo ambalo kwa umbali wa viti hakuwahi kuliona. Akafikiri kwamba kumbe kuna mengi hakuyajua, na kwamba angependa kuyajua moja moja, bila haraka.

"Nataka kuja kwa mama yako," Fundi alisema bila kuinua kichwa. "Nije na dada. Tuseme tulichonacho na tusichonacho. Akikataa, nitarudi tena."

"Mama atakuuliza figo hiyo ina udhamini wa miaka mingapi."

"Nitamwambia ni ya dada, hazitengenezwi tena."

"Atakuuliza tutaishi wapi."

"Ghorofa ya chini. Nimezichoka lifti."

Mapokezi akageuza kiganja cha ule mkono uliobanwa, taratibu, mpaka ncha za vidole vyake zikagusa kifundo cha mkono wa Fundi, juu kidogo ya glovu.

"Njooni Jumapili," akasema. "Saa kumi. Mama hapendi mtu anayechelewa."

Fundi alifumba macho. Dada alivuta kiti kingine cha plastiki, akaketi, akaweka mkoba mapajani kama mtu aliyefika anakokwenda. Bibi wa mlangoni alisema haya basi, akarudi kulala.

Baada ya dakika kumi Sista alikuja, akainua ukingo wa pamba, akachungulia.

"Damu imeshakata, Fundi. Unaweza kuachia."

"Nimesikia, Sista," akasema Fundi.

Sista akangoja kidogo. Kisha akazima mashine, akasukuma kigari chake, akawaacha.